Mama Mkwe na Kona za Manyara

Mama mkwe wangu alishuka kwenye gari langu juu ya kona za Manyara, pale wageni wanaposimama kulipiga picha ziwa, akasema atasubiri basi. Hakupandisha sauti. Alijifunga kitenge vizuri, akachukua kikapu chake, akasimama kando ya lami kama mtu aliyekwisha kata tiketi. "Mkwe wangu," aliniambia, "naona gari ndilo linalokuendesha." Mke wangu akashuka kumsindikiza. Nikapita Rhotia peke yangu, viti vyote vya nyuma vitupu, mimi niliyekula mshahara wa udereva miaka kumi na tisa.

Hakuna aliyeumia siku ile. Tulitoka Arusha asubuhi, tukakata kulia Makuyuni, na kwenye ule unyoofu wa kuelekea Mto wa Mbu basi likatupita. Upepo wake ukatusukuma kushoto, nikarudisha. Gari likarudi kupita kiasi, nikarudisha tena, likapita tena. Mvulana aliyekuwa na punda wawili pembeni akaruka kwenye majani. Mimi niliona kawaida. Halafu tukaanza kupanda mlima, na kwenye kona ya tatu au ya nne, lori la vitunguu likiteremka upande wa pili, nyuma ya gari ikatoka njiani taratibu, kama ng'ombe anayempisha mwenzake. Nikalishika, likatulia. Nyuma yangu nikasikia rozari imeanza.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba nilipolishika lile gari kwenye kona, nilijisifu moyoni. Nilijiona fundi wa usukani. Ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa kwamba dereva anayehitaji ufundi wa namna ile kwenye lami kavu, mchana, kwa mwendo wa hamsini, ana gari bovu.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya 1994, lile ambalo kila mtu Tanzania analiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Injini yake ni ile dizeli ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na turbo, isiyo na haraka, na isiyokufa. Chesesi ilikatwa na kurefushwa Arusha ili liingie safu moja zaidi ya viti, na paa likakatwa likawekewa la kuinuka, wageni wasimame watazame simba. Kampuni niliyoifanyia kazi ililitumia hadi likachoka, mwaka 2017 ikaliuza, nami nikalinunua kwa kiinua mgongo changu. Nililijua gari lile kuliko nilivyowajua majirani zangu. Ndivyo nilivyodhani.

Ili kuelewa kosa langu inabidi kukumbuka barabara ilivyokuwa. Nilipoanza kazi, mwaka 1998, kilomita 77 kutoka Makuyuni hadi lango la hifadhi la Lodoare zilikuwa udongo mtupu. Wakati wa masika, tope jekundu la Karatu lilikuwa likishika tairi hadi likawa duara laini lisilo na meno, na mlima wa Manyara ulikuwa wa kuombewa. Lami ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Japani. Safari iliyokula siku ikawa ya saa mbili na nusu kutoka Arusha. Barabara ikabadilika chini yetu, magari yakabaki yale yale, na mikono yetu pia.

Maana kwenye vumbi gari lenye usukani uliolegea huwa halijulikani. Unakwenda arobaini, tairi zinafuata mifereji iliyochimbwa na waliotangulia, kila kitu kinacheza, na dereva amekwisha zoea kwamba kuendesha ni kupendekeza tu. Gari linaamua. Ukilitoa hapo ukalipeleka kwenye lami, mwendo themanini, ule ulegevu wa vidole viwili kwenye usukani unakuwa nusu mita barabarani. Sisi madereva tulikuwa na jibu moja kwa hilo: ndivyo zilivyo. Mgeni akilalamika, tunamwambia kwa Kiingereza chetu kwamba gari limetengenezwa kwa porini. Akiendelea, tunamwonyesha twiga.

Jibu lile lina ukweli kidogo, ndiyo maana liliishi muda mrefu. Gari hizi za 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984, zilikuwa na ekseli nzima mbele na nyuma, na zile kubwa za kazi kama langu zilikaa juu ya springi za bapa pande zote nne, yale mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Koili za mbele zilikuja kwenye jamii hiyo ya magari ya kazi mwaka 1999. Wenye Land Rover walikuwa wamekwisha pata koili tangu ile One Ten ya 1983, na hawakutuacha tukasahau. (Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, mji mzima ukanuka dizeli, rafiki yangu mmoja alinipigia simu ili nisikie tu honi zao.) Kwa hiyo ni kweli, mkonga wa 1994 hautakaa kwenye kona kama gari dogo. Lakini uliondoka kiwandani ukiwa unakwenda moja kwa moja, na hilo ndilo nililokuwa nimesahau. Mimi mwenyewe niliwahi kuuendesha ukiwa haujachakaa. Kila mwaka ulilegea kidogo, nami kila mwaka nikajifunza kuukamata kidogo zaidi, hadi tukawa kama wazee wawili wanaotembea wakiegemeana.

Baada ya aibu ya mama mkwe nilianza kutibu. Kwanza nilipeleka gari kwenye gereji moja mjini Arusha, wakaniambia tatizo ni shokapu ya usukani, ile fimbo inayolala mbele ya ekseli kuzuia usukani usitetemeke. Nikaweka mpya. Kwa wiki mbili mtetemo ukapungua, kisha ukarudi. Nikanunua tairi mbili mpya za waya na kuzifunga mbele, nikiwaza kwamba usukani uko mbele, basi mbele ndiko kunastahili kitu kizuri. Nyuma nikabakiza nailoni za zamani zilizokuwa bado na meno. Mtu mwingine akaniambia gari limelala nyuma, ndiyo maana linayumba, akaniongezea bapa mbili kila upande. Likasimama nyuma juu kama panzi. Nililipa fedha ya kutosha kusomesha mtoto muhula mmoja, na gari likawa baya kuliko siku mama mkwe aliposhuka.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mzee wa Karatu. Simtaji jina kwa sababu hapendi, na kwa sababu wateja alionao wanamtosha. Alijifunza ufundi kwenye gereji ya misheni wakati Land Rover 109 ndiyo ilikuwa gari la padri, la mkuu wa wilaya na la mgonjwa. Bado anasema "shokamzoba", kama wazee wote, na kijana wake akisema "shokapu" anamsahihisha. Gereji yake ni mti, shimo, na kontena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Limefanyaje?"

Nikaanza kueleza: mtetemo wa sabini, kuyumba kwa upepo, mkia unaotoka kwenye kona. Akaniacha nimalize. Nilitegemea atalala chini ya gari. Akazunguka nyuma, akatazama juu, akasema: "Teremsha vitu vyote."

"Vyote vipi?"

"Unavyovibeba."

Sikuwa nimewahi kujiuliza nabeba nini. Juu ya keria kulikuwa na tairi mbili za akiba, na tairi moja ya 7.50 pamoja na rimu yake ni mzigo wa kumtoa mtu jasho kuiteremsha. Madumu mawili ya chuma. Jeki ndefu. Mbao mbili za kukanyagia kwenye tope. Sepeto. Mnyororo ambao sikuutumia tangu lami ilipofika Karatu. Na keria lenyewe lilikuwa limechomelewa kwa bomba za maji. Vyote vilikaa zaidi ya mita mbili juu ya barabara, juu ya paa la chuma lililokwisha kuwa zito. Mzee akachukua ndoo, akaijaza maji nusu, akaniambia niinyanyue na nitembee nayo. Nikatembea. Akaniambia niiweke kichwani na nikate kona ya kontena haraka. Sikuhitaji kuijaribu. Mama yangu aliteka maji maisha yake yote, najua mtu mwenye ndoo kichwani anavyokata kona.

Tairi moja ya akiba ikahamia mlango wa nyuma, nyingine ikakaa sakafuni nyuma ya kiti cha mwisho. Madumu yakabaki kwake. Mnyororo akautundika kwenye mti, na nadhani upo hadi leo.

Kisha akageukia tairi. Akatazama za waya mbele, nailoni nyuma, akacheka bila kutoa sauti. Tairi ya nailoni nyuzi zake zimepishana kutoka ukingo hadi ukingo, na ubavu wake na uso wake ni kitu kimoja; gari likisukumwa upande, tairi nzima inajipinda. Tairi ya waya ubavu wake ni laini lakini uso umefungwa mkanda, kwa hiyo uso unabaki umelala barabarani wakati ubavu unajikunja. Matokeo yake, kwa kona ile ile, ya waya inang'ata mapema na ya nailoni inateleza zaidi kabla haijashika. Ukiweka zinazong'ata mbele na zinazochelewa nyuma, pua inaingia kwenye kona na mkia unaendelea na safari yake. Ile hali ya ng'ombe anayempisha mwenzake niliizidisha mwenyewe kwa fedha yangu, na risiti ninayo. Aina mbili zisichanganywe, alisema, lakini kama umasikini umekulazimisha, za waya zikae nyuma. Mimi nilifanya kinyume kwa kuipenda mbele.

Upepo ulikuwa paundi sitini kote, desturi ya kampuni, ili tairi zisitobolewe na mawe ya Olduvai. Gari likiwa na wageni saba na mizigo, sitini nyuma inaeleweka. Mbele, tairi ilikuwa ngumu kama gogo, ikirukaruka juu ya kila kokoto badala ya kulimeza. Tulishusha mbele hadi arobaini na nyuma tukafuata mzigo. Kazi ya dakika kumi isiyo na spana, na nilipotoka kujaribu hadi njia panda ya Oldeani, tofauti niliyoisikia mikononi ilikuwa kubwa kuliko fedha zote za Arusha.

Nilipotaka kumlipa na kuondoka, akaniambia ndiyo kwanza tunaanza.

Siku ya pili nilikaa kwenye kiti changu, injini imezimwa, nikageuza usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, kushoto, kulia, bila kugeuza tairi. Yeye na kijana wake walikuwa chini. "Usitazame," alimwambia kijana, "shika." Anaweka kiganja juu ya kiungo, nusu upande huu nusu upande ule, anasubiri. Jicho halioni ulegevu wa milimita moja, kidole kinausikia. Walianza kwenye boksi la usukani na boliti zake, wakaja kwenye mkono wake, kwenye fimbo ndefu, kwenye tairodi, na kila mahali akatia alama ya chaki. Tairodi mbili zilikuwa zimekufa. Boliti moja ya boksi ilikuwa imelegea, na chesesi pale ilikuwa na kutu ya rangi ya udongo wetu. Bushi za springi za mbele zilikuwa zimekatwa kutoka tairi kuukuu, kazi ya mitaani niliyoilipia mwenyewe kwa furaha miaka mitatu kabla. Mpira wa tairi uko imara ukiwa tairi. Ukiuweka kwenye shakoli unakatika vipande, na kila ukifunga breki ekseli inasogea kivyake, upande mmoja kabla ya mwenzake, na gari linageuka hata kama usukani umeushika sawa.

Alipofungua makombe ya mbele, yale ya kwenye ncha za ekseli yanayogeuka na tairi, ndipo niliposhangaa. Sili ya ndani ya ekseli ilikwisha, oili ya difu ikaingia kwenye grisi, na humo kukawa na supu ya kijivu, nyepesi kama uji wa mgonjwa, ikitiririka kwenye karai. Beringi za kingpini, zile mbili ndogo zinazobeba tairi linapogeuka, zilikuwa zimekaa kwenye supu ile sijui miaka mingapi. Roli zake zilikuwa zimechimba vijishimo mahali pa kwenda mbele moja kwa moja, ndiyo maana usukani ulikuwa na "kitanda" chake katikati na kutoka hapo ulikuwa unaruka.

Hapa nilijifunza jambo ambalo hakuna dereva aliyewahi kuniambia. Beringi zile hazitakiwi kuwa huru. Zinatakiwa kubanwa kidogo, kwa vibati vyembamba ambavyo mafundi wanaviita shimu, na kiasi cha kubana kinapimwa. Mzee akatuma mtoto sokoni. Akarudi na mzani wa kuning'iniza, ule ule wa kupimia vitunguu vya Mang'ola, bado una maganda kwenye ndoano. Akafungua tairodi, akatia ndoano kwenye tundu lake, akavuta polepole hadi kombe likaanza kugeuka, akasoma. Kabla ya kubadilisha mzani haukufika kilo moja. Baada ya beringi mpya na kutoa shimu moja, ulisoma nne na kidogo. "Hapo," alisema. Mtetemo wa sabini ulikuwa pale. Shokapu ya usukani niliyouziwa ilikuwa Panadol: homa inashuka, malaria inabaki.

Bapa nilizoongezewa ndizo zilizotugombanisha. Nilimwambia sizitoi, nimezilipia, na gari linabeba watu. Akaniuliza kama nina baiskeli. Kila mtu wa Karatu ana baiskeli au amewahi kuwa nayo. Akaniambia niitazame uma wake wa mbele: juu umelala nyuma, kuelekea mpandaji. Ukiufuata mstari wa uma hadi chini, unagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi inapogusa. Kwa hiyo tairi inaburutwa, inafuata, na ndiyo maana mtu anaweza kuachia mikono akafungua ganda la ndizi. Gari lina ulalo huo huo kwenye kingpini, na kwenye hizi za bapa ni mdogo tangu kiwandani, digrii moja hivi. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye springi, springi zimefungwa kwenye chesesi. Ukiinua nyuma sentimeta sita, kwenye gari lenye mita tatu na nusu kati ya ekseli na ekseli, chesesi nzima inainamia pua kwa karibu digrii moja. Digrii yote uliyokuwa nayo umeila. Tairi za mbele hazina tena sababu ya kutaka kwenda mbele.

Nilikaa kimya. Akaongeza, kama mtu anayemalizia chumvi, kwamba kuna vali karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayopima gari limelala kiasi gani, ili breki za nyuma zipewe nguvu kulingana na mzigo. Gari likisimama juu, vali inadhani halina kitu, inazinyima. Nilikuwa nateremka Manyara na wageni saba, breki za nyuma zikiamini kwamba niko peke yangu.

Bapa zikatoka. Zipo nyumbani, mke wangu anafungia mlango wa banda la kuku.

Mwisho akapima tairi za mbele zinavyotazamana. Hakuwa na mashine, alikuwa na chaki, uzi na futi ya fundi seremala. Aliinua tairi, akaizungusha huku akiibania msumari katikati ya uso, ikabaki alama ya mstari mwembamba kuzunguka. Akafanya hivyo na ya pili. Akashusha gari, akalisukuma mbele mita chache ili likae vizuri, akapima kutoka mstari hadi mstari upande wa mbele, kisha upande wa nyuma. Mbele kulikuwa kupana zaidi kwa milimita kumi na mbili. Tairi zangu zilikuwa zinaachana kama watu waliokosana, kila moja inavuta kwake, na ile iliyopata ardhi ngumu zaidi ndiyo iliyoshinda kwa dakika ile. Akageuza fimbo hadi mbele kukawa kwembamba kuliko nyuma kwa milimita mbili. Akapima mara tatu. Kijana alipotaka kuondoa futi, akamwambia ngoja, akapima ya nne.

Shokapu zilisubiri fedha nyingine, na kwa kweli sikuamini umuhimu wake hadi safari moja ya Serengeti. Kati ya Olduvai na lango la Naabi barabara ina mawimbi kama bati, na tulipofika Naabi niligusa shokapu ya nyuma nikaunguza kidole. Iliyokufa upande wa pili ilikuwa baridi kabisa. Shokapu inayofanya kazi inaugeuza mtikisiko kuwa joto. Iliyo baridi baada ya kilomita zile haifanyi kitu, imepanda gari tu. Tangu siku hiyo sihitaji fundi kunipimia.

Lami ya mwisho inaishia Lodoare. Ukipita lango unaingia kwenye msitu, udongo mwekundu, na asubuhi nyingi ukungu unaoficha boneti yako mwenyewe. Niliogopa kwamba gari lililofungwa kwa ajili ya lami litaniangusha huko, kwenye mteremko wa Seneto kuingia kreta, zaidi ya mita mia tano chini, au kwenye utelezi wa ukingoni baada ya mvua. Halikuniangusha. Kuna mahali kwenye ukingo, baada ya kituo cha kutazamia kreta, ambapo zamani kila masika nilikuwa nateleza kuelekea mtaroni nikiulaumu udongo. Masika yale nilipita nikiwa na upepo uliopimwa, mzigo chini na breki zinazofunga sawa, gari likasogea kiganja kimoja tu, likarudi. Nikakumbuka idadi ya wageni niliowaambia kwamba hapa ni pabaya.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho mzee hakuweza kubadilisha, nacho kilikuwa mikono yangu. Kwa miezi mingi niliendelea kurekebisha kosa ambalo gari halikulifanya tena. Basi likinipita nilikuwa nimekwisha geuza usukani kabla upepo haujafika, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nayumba. Nilikuwa naingia kwenye kona kwa kasi kisha nafunga breki katikati, tabia ya vumbini, ambako breki ya katikati ya kona inasaidia kuitupa nyuma mahali unapotaka. Kijana wa mzee, aliyewahi kupanda nami hadi Mto wa Mbu kununua ndizi, aliniambia bila heshima yoyote: "Mzee, liache." Nilimkasirikia hadi Mto wa Mbu. Kurudi nikaanza kupunguza mwendo kabla ya kona, gia ya tatu, mguu mbali na breki, mikono imelala, na gari likapanda mlima lenyewe kana kwamba halijawahi kunijua.

Mama mkwe alipanda tena mwaka 2020. Hakuwa na namna: alikuwa ametoka kutibiwa macho Arusha, na mke wangu hakutaka apande basi akiwa na bandeji. Alikaa nyuma yangu, akajifunga mkanda, akatoa rozari mapema. Kwenye ule unyoofu wa baada ya Makuyuni basi lilitupita, nikaacha mikono ilale. Kwenye kona za Manyara tulikutana na lori, lori likapita. Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa amegeuzia lile jicho moja dirishani, rozari imelala mapajani.

Tulipokaribia Rhotia akagonga kiti changu.

"Mkwe wangu," alisema, "mbona leo unakwenda polepole hivi? Tutafika usiku."

Niliangalia saa ya mwendo. Ilikuwa juu ya sabini. Nikamwambia nisamehe, mama, nikaanza kupunguza, kwa sababu kibao cha hamsini kilikuwa mbele yetu na trafiki wa Rhotia hulala mapema lakini si mapema kiasi hicho.